Maziwa Kwenye Sufuria ya Sabato

Kama kuna siku Noemi alitamani ardhi ipasuke immeze, ni ile Ijumaa ya Safed, mji wa Israeli, jikoni kwa mwenyeji wake Bibi Zohara.

Walikuja vijana ishirini kutoka Montevideo, wajukuu wa Wayahudi ambao mila zao nyingi zilipotelea njiani, waone wazee wao waliishi vipi. Kwao Noemi, Sabato ilikuwa siku ya kufua. Ilan, mcheshi wa kundi asiyejua kunyamaza, alishambatiza jina la "Myahudi wa likizo", naye akacheka na wenzake huku roho ikimuuma. Ndiyo maana alijitolea kupika.

Bibi Zohara alipotoka uani kuanua vitambaa vya meza, Noemi akafunua sufuria ya dafina, chakula cha Sabato, anuse. Nyama, ngano na mayai vilikuwa vinatokota taratibu. Mkono wa pili ulikuwa na kahawa ya maziwa. Kikombe kikaegama, tone likadondoka kwenye mchuzi na kupotea.

Hakuna aliyeona. Nyama na maziwa! Hata yeye, pamoja na ujinga wake, alijua kwamba sheria ya Kiyahudi inakataza kuvichanganya. Jua nalo lilikuwa linashuka, na likishazama hakuna kupika tena mpaka Sabato iishe. Akisema, chakula cha watu wote kitamwagwa na Ilan atapata la kusimulia mpaka uzeeni. Akinyamaza, bibi wa watu, asiyewahi kuchanganya hata vijiko vya nyama na vya maziwa, atalishwa haramu na mgeni wake.

Bibi aliporudi, maneno yakamponyoka.

"Bibi, nimeharibu. Maziwa yameingia kwenye nyama."

"Mengi?"

"Tone. Nilishika kahawa."

"Kahawa ya maziwa, jikoni kwangu, na nyama iko motoni! Mama yangu angekutoa mbio na mwiko." Alishaishika simu. "Na usinililie juu ya sufuria. Chumvi nimeshatia."

Rabi Elbaz alipokea huku maji yakimwagika nyuma yake.

"Zohara, saa hizi? Nina povu masikioni!"

Bibi akaeleza, kisha akamsogezea Noemi simu.

"Binti, sufuria ni ile kubwa?" rabi akauliza.

"Kubwa sana, Rabi. Na imejaa."

"Na maziwa yanajaza kijiko cha chai?"

"Hata nusu hayafiki."

"Chakula kikiyazidi maziwa mara sitini, maziwa hayahesabiki tena. Hapo yamezidiwa mno. Kuleni, Sabato njema, na mniache nioge!"

Noemi akashusha pumzi ndefu. Akaketi kwenye kigoda, akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Bibi alikuwa ameshafunika sufuria, anapanga mishumaa.

"Lakini Bibi, wewe hukuona. Ungejuaje kama si kikombe kizima?"

"Si umesema?"

"Na rabi naye akakubali tu?"

"Mbona unauliza kama mtoto? Mambo ya jikoni, neno la Myahudi mmoja aliyekuwepo linatosha. Ulikuwepo wewe. Haya, nipe kiberiti."

Noemi akampa. Tangu Montevideo alikuwa akingoja mtu amwambie yeye ni Myahudi kama wao, na aliyemwambia wala hakujua kwamba kulikuwa na swali.