Mke Wangu Achagua Toleo

Usiku wa kuamkia leo niliota mke wangu ameingia duka la santuri kuchagua mume, na mume anayeuzwa ni mimi.

Sikushangaa. Mwezi mzima nimekuwa nikifukua santuri zangu za disko za mwanzoni mwa miaka ya tisini, zile za vinanda vya umeme na besi ya kutetemesha madirisha. Kila nilipopata moja nilimkalisha Mwanakheri nikamweleza tofauti ya wimbo wa asili, rimiksi na dabu. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyeko kwa daktari wa meno.

Sasa, ndotoni, nimo ndani ya boksi, nimesimamishwa wima katikati ya nakala zangu mwenyewe. Muuzaji ni mashine ya kupigia santuri, kavaa kofia ya kiua iliyodariziwa.

"Karibu, mama. Huyu yuko wa aina tatu," anasema. "Kuna wa asili, hana mwisho, anarudia yale yale. Kuna wa redioni, dakika tatu, keshamaliza."

"Huyo namjua," anasema mke wangu. "Na wa tatu?"

"Dabu. Sauti tumeitoa, tumemwachia besi."

Napiga kelele kwamba mtu anayejua santuri huanza kwa ya asili! Muuzaji ananikumbusha, kwa adabu tu, kwamba juzi niliandika mtandaoni kuwa dabu ndiyo bora, maana waimbaji huharibu nyimbo nzuri. Na watu kumi na wanne wakanipongeza.

Duka limekuwa sebule yetu. Yule wa dabu amekaa kwenye kiti changu, kaweka mguu juu. Mwanakheri anamsimulia habari za dada yake wa Pangani na ule mgogoro wa shamba, habari ndefu ambayo mimi sijawahi kuisikiliza hata nusu.

"Mmh," anaitikia yule bwana, na chumba kizima kinaitikia naye. Mmh. Mmh. Mmh.

Mke wangu anacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu binti yetu aolewe. Wivu ulinishika, na niseme wazi, niliogopa.

"Mwanakheri, mumeo ni mimi!" namwita kutoka ndani ya boksi.

"Najua, baba Tunu. Lakini ngoja kwanza, leo nimepata wa kunisikiliza."

Muuzaji akafunika boksi. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na upande wa Mwanakheri kitandani ulikuwa mtupu. Nikatoka kwenda sebuleni nikiwa na mengi ya kumweleza. Nyumba yetu siku hizi ina watu wawili tu, yeye na mimi.

Mezani palikuwa na vikombe vitatu vya chai. Viwili vilikuwa vimenywewa mpaka chini. Changu kilikuwa kimefunikwa kwa kisosi, na chai yake imepoa.