Korongo Bila Moshi

Pichani, kaka yangu Asheri alikuwa mdogo kama punje ya ulezi, chini ya bawa la korongo wa tatu, na rungu lake lilikuwa juu. Nilimtambua kwa mguu. Alivunjika utotoni, na tangu hapo akisimama huutupa nje mguu wa kushoto. Upare nzima hakuna mwingine anayesimama hivyo. Nikasogeza kioo cha kukuzia. Aliyelala mbele yake, mikono kichwani, alikuwa mjomba wetu Tumainieli. Tulikuwa tumemzika siku nne nyuma, jeneza limepigiliwa misumari, kwa sababu upande mmoja wa uso wake haukuwapo.

Na jeneza hilo Asheri alilibeba mbele, bega la kulia. Alilia kuliko sisi sote.

Nikatapika kwenye ndoo ya dawa za kusafishia picha.

Picha aliipiga Kassimu, mtu wa Tanga, mwenye studio nyuma ya stesheni ya Same. Kwake mimi nilikuwa mrekebishaji wa picha. Bwana harusi mwenye chunusi akipita mikononi mwangu alitoka na uso kama yai. Nyuma yake ukuta wenye ukungu uligeuka bustani ya maua. Mwenyewe Kassimu maharusi walimchosha. Alichopenda ni ndege wanaporuka. Wachungaji walimfundisha kwamba korongo hufuata moto: nyasi zikiwaka panzi hutimka, na korongo hushuka kuwala. Basi akiona moshi, huyo, mbio na kamera.

Mwezi ule wa Novemba 1974 moshi haukukosekana. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na aliyekataa, mgambo walimchomea nyumba ili asiwe na pa kurudi. Mjomba alikuwa na nyumba na migomba yake chini kabisa ya milima, njia ya Ndungu, na alikataa. Asheri alikuwa mgambo. Sote tulijua hilo, lakini alituapia kwamba siku ile alikuwa zamu mjini.

Kabla sijamaliza kunawa mdomo, Respicius akaingia. Huyu alikuwa katibu wa kata, na alikuja na mgambo wawili, maana alikuwa ameambiwa kuna mtu alionekana na kamera karibu na moto. Akaikuta picha inaning'inia kwenye kamba.

"Nani kaiona hii?"

"Mimi na huyu dada," Kassimu akajibu. Mjinga wa watu! Angesema yeye peke yake.

Respicius alimshika kisogo akampigiza uso mezani. Mara mbili. Mara ya pili nilisikia kitu kikikatika, na Kassimu akainuka na damu mpaka kifuani. Kamera yake mgambo mmoja aliikanyaga kwa buti, taratibu, kama mtu anayeua nge. Halafu Respicius akarudi kwenye picha, akainamisha kichwa.

"Ndege wazuri, lakini," akasema. "Sikukuu ya Uhuru inakuja na ukuta wa ofisi uko mtupu. Dada, ondoa huo moshi, na hao watu. Weka anga la buluu. Huku chini weka mahindi."

"Mahindi gani, mzee, na vuli yenyewe haijanyesha?"

Mdomo wangu huo. Alinizaba kofi nikaona nyota mchana.

"Mahindi yaliyostawi," akasema. "Kesho kutwa navifuata vyote, picha na filamu." Hakuwa amemtambua Asheri. Kwake wale walikuwa mgambo tu, na mgambo hawakutakiwa kuonekana.

Kassimu alipanda treni ya Tanga jioni ile ile, taulo mdomoni. Mimi nikabaki na filamu.

Sasa nieleweke vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Ukitaka kitu kisionekane kwenye picha, unakipaka wino mwekundu juu ya filamu. Mwanga haupiti, na mahali pale panatoka peupe, nawe unapaka rangi uitakayo. Lakini wino ule ni wa maji. Mtu yeyote mwenye kikombe cha maji na pamba anaweza kuuosha, na kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa. Ningepaka wino tu, Asheri angebaki pale chini, anangoja aoshwe.

Nilikuwa na hasira naye ya kumtafuna mbichi. Lakini tumenyonya ziwa moja. Nikaona wakimnyonga. Nikaona mama anazika mwana juu ya ndugu. Nikachukua wembe.

Nilimkwangua kaka yangu kwanza, rungu, mkono, kichwa, mpaka filamu ikabaki nyangavu. Kisha nikamkwangua mjomba, maana mtu aliyelala peke yake na mikono kichwani angezusha maswali. Mkono haukutetemeka, na hilo linaniudhi mpaka leo. Ndipo nikapaka wino juu ya makovu, juu ya moshi, juu ya nyumba inayowaka, nikizunguka kila unyoya kwa brashi ya nywele tatu. Nikaichapa picha. Nikatia buluu kwa pamba kijitini, nikatia wekundu kwenye midomo na miguu ya korongo, nikapanda mahindi ekari mbili. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mtu asingejua kwamba korongo wale walishuka kwa ajili ya moto.

Asubuhi, mama mmoja muuza ndizi kutoka kwetu Suji akapita dirishani. "Raheli, hujasikia? Mama yako anavunja chungu Jumamosi."

Niliangusha brashi.

Kwetu mtu akiuawa na muuaji asijulikane, ukoo huvunja chungu. Anayekivunja hutaja kosa, na kuanzia hapo kifo humtafuta mkosaji na watu wa tumbo lake, ndugu zake na wanawe, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kuvunja, watu huulizwa mara tatu kama kuna mwenye la kusema. Kikishavunjika, hakuna wa kuunga vigae. Mama yangu ni Mlutheri wa benchi la mbele, lakini mwinjilisti alipokwenda kumkataza alimfukuza kwa mpini wa jembe. Alikuwa analaani asichokijua. Na asichokijua nilikuwa nimekikwangua mimi.

Respicius alipokuja nilimpa picha na filamu nyingine yoyote, naye hakuitazama. Ile yenyewe niliifunga kwenye pindo la kanga, kana kwamba ingenisaidia.

Jumamosi tulikusanyika juu ya majivu ya nyumba ya mjomba. Nilimvuta Asheri nyuma ya zizi.

"Sema, kaka. Sema kabla hakijavunjika."

"Niseme nini?"

"Nimekuona. Kassimu alipiga picha."

Akanishika koo akanibana kwenye mti wa zizi, vidole vyake vikizama. "Alinitemea mate mbele ya wenzangu," akasema. "Aliniita mbwa. Walikuwa wananitazama wote, Raheli. Nisingempiga wangenipiga mimi. Nilitaka kumpiga moja tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na vidole havikulegea. "Picha iko wapi?"

"Nimekufuta."

Ndipo akaniachia. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Basi hakuna kitu," akasema, akarudi kwenye duara.

Mama alikuwa amekishika chungu kwa mikono miwili. Mjomba Daudi, aliyebaki mkubwa wa ukoo, akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Nilimtazama Asheri, alitazama milima. Mara ya tatu nikatoka mbele.

"Ni Asheri, mama. Usivunje. Ni mwanao."

Ngumi ya Asheri ilinikuta bado nimefungua mdomo. Nilianguka kwenye majivu, nikatema jino. Akanipiga teke la mbavu, na la pili, wanaume wakamvuta, naye anapiga kelele kwamba dawa za studio zimenila akili.

"Umemuona wapi?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwenye picha."

"Nipe."

Nikafungua pindo. Mjomba Daudi akaiinua filamu juani, akaigeuza, akaomba maji, akauosha wino wote mpaka vidole vikawa vyekundu. Moshi ulirudi. Nyumba ilirudi. Korongo walikuwapo wote watano. Chini ya bawa la korongo wa tatu palikuwa na mikwaruzo.

"Hapa sioni mtu," akasema.

Mama akaichukua, akaisogeza jichoni. Alikaa nayo. Nilimwomba Mungu aone walau mguu.

"Nilimkwangua mimi, mama. Nilitaka kumwokoa."

Akanitazama mimi chini, akamtazama Asheri, na naapa niliona kitu kikipita usoni mwake, kisha akakifukuza. "Mwanangu alibeba jeneza," akasema. "Wewe umefanya kazi ya uongo miaka sita, Raheli, sasa huujui ukweli ukoje."

Akainua chungu. Nilijaribu kusimama, mbavu zikakataa.

"Aliyempiga ndugu yangu," akasema. "Aliyemwona akanyamaza. Na aliyemficha."

Akakipasua juu ya jiwe la mlangoni.

Vigae vilitulia. Kisha mama akaja, akapiga magoti, akanifuta damu mdomoni kwa kanga yake kama nilipokuwa mtoto, akamwita na Asheri akae karibu naye. Akatushika wote wawili mikono.

"Poleni, wanangu," akasema. "Sasa tutamjua."