Lenzi Iliyoshika Buluu

Mama alikuwa ametulia kwenye benchi la kliniki. Mwanawe ndiye aliyekuwa kiguu na njia. Akikaa, anasimama, akisimama, anakwenda dirishani, anarudi, anachungulia mlango wa chumba cha upasuaji, anakaa tena upandeupande kama kuku anayetaka kutaga.

"Tulia, mwanangu," Mama alisema. "Nina jicho moja, nalo lina ukungu, na bado umenichosha kukutazama."

Jicho la kushoto lilikufa tangu utotoni. La kulia ndilo lililomfanya fundi saa, likamlea binti huyu kwa skrubu ndogo kuliko chawa, mpaka mtoto wa jicho alipoanza kulifunika. Leo lenzi iliyochakaa ingetolewa, iwekwe ya bandia. Likiharibika hilo, hakuna la akiba.

Jana daktari aliwaonyesha lenzi za aina mbili, nyembamba kama magamba ya samaki. Moja ya plastiki inayonywa maji, nyingine kavu. "Zote nzuri," alisema, "ila mimi ningekuwekea hii kavu." Binti akadakia. Yeye anafanya kazi maabara, akasema, tena kule zinakojaribiwa lenzi kama hizo. Zinalowekwa kwenye maji yenye protini za jichoni, kisha zinatiwa rangi ya kuonyesha protini imeng'ang'ania wapi. Hiyo kavu hutoka buluu kama mfuko wa shati uliovujiwa na kalamu. Ile nyingine hutoka nyeupe pe. "Mama awekewe iliyo safi."

Mama alijaa kifua. "Umemsikia mtaalamu wangu," alimwambia daktari.

Mtaalamu. Neno hilo ndilo lililomnyima binti usingizi. Kule maabara alikuwa anaosha vyombo. Kila jioni alimwacha mwanawe mdogo kwa jirani, akaenda darasani, akitumaini kwamba iko siku naye atapewa kiti mbele ya darubini. Lakini kwa sasa yake ilikuwa beseni na brashi.

Akashindwa kuvumilia. Akamwacha Mama benchini, akaenda koridoni, akampigia simu mwenzake wa kazini, mwanamke waliyembandika jina la Mizani kwa sababu hapimi kitu mara moja akaridhika.

"Mmechagua ipi?" Mizani aliuliza.

"Ile isiyoshika buluu. Safi."

"Safi kivipi, shoga?"

"Si haina uchafu."

"Nani kakwambia buluu ni uchafu?"

Hakuna aliyemwambia. Kwenye beseni lake, gilasi ikibaki na buluu imeoshwa vibaya, inarudi majini. Sheria hiyo ya vyombo aliichukua nzimanzima, akaipeleka kwenye jicho la mama yake.

"Sikiliza," Mizani alisema, sauti imepungua utani. "Zipo protini zinazoleta balaa, sikatai. Lakini ile tunayoifuatilia sisi ni gundi. Lenzi inalazwa ndani ya kifuko chembamba. Protini inashika lenzi huku, inashika ukuta wa kifuko huku, vinagandana. Visipogandana vizuri, seli zilizobaki hutambaa nyuma ya lenzi kama sisimizi chini ya mkeka, ukungu ukarudi. Unaondolewa kwa miale ya leza, lakini mama wa watu umrudishe hospitali ya nini? Buluu ndiyo tunayoitafuta."

Aliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Miguu ilimpeleka mlangoni kabla ya akili. Hapo akasita. Ukungu wenyewe si unatibika? Angeweza kunyamaza, akabaki mtaalamu. Mkono ukagonga.

"Ndugu wanasubiri nje," nesi alisema.

"Naomba daktari, kabla hajaanza. Mama yangu jicho lake ni hilohilo."

Nesi alimtazama, akaacha mlango wazi kidogo. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya plastiki kichwani, dawa ikimchuruzika shavuni. Daktari alisimama kando yake, barakoa kidevuni.

"Mama, nilikosea. Kavu ndiyo nzuri. Mimi kule naosha vyombo tu, sijawahi kupima kitu." Akaeleza, maneno yakikanyagana: gundi, kifuko, sisimizi.

Mama hakugeuka. "Jana ulikuwa na uhakika."

"Jana nilikuwa na uhakika. Leo nimeuliza."

Dawa ikadondoka. Mama akamuuliza daktari, "Na wewe, jana hukusema hiyohiyo kavu?"

"Nilisema."

"Mbona hukubishana naye?"

Daktari alikuna shingo. "Alisema yuko maabara. Nilipaswa kuuliza anafanya nini huko."

"Basi niwekee kavu. Wote wawili mmenichosha."

Mlango ukafungwa. Binti akaanza tena safari yake ya dirishani na kurudi, akihesabu vigae, akipoteza hesabu, akianza upya.

Mama alitolewa nje, jicho likiwa limefunikwa, gizani kabisa, akipapasa hewa. Binti akamdaka mkono, akamketisha benchini, akakaa naye.

"Nieleze tena ile ya gundi," Mama alisema. "Pale ndani nilikuwa naogopa, sikusikia hata neno moja."

"Kumbe ulikubali bila kusikia?"

"Nilisikia umerudi."

Binti akaanza polepole, kwenye kifuko. Alipofika mahali asipopajua, alisema hapajui, na kwamba kesho atauliza.