Nyota Iliyofifia ni Ndogo

Asubuhi ya kutetea tasnifu yangu ya udaktari, picha zilinifikia kutoka kwa rafiki anayefanya kazi kwenye darubini kubwa kule Chile. Kwa miaka nilikuwa nikifuatilia nyota mbili zinazozungukana. Satelaiti iliziona kama nukta moja, na mwanga wa nukta ile ulikuwa ukipungua kidogo, unarudi, unapungua tena. Nikaandika kwamba sayari kubwa kama Mshtarii inapita mbele ya nyota kubwa. Sasa picha zilizitenganisha. Nyota kubwa haikupungua hata chembe. Iliyofifia ni ile ndogo, tena karibu nusu nzima.

Kitu kinachoweza kuziba nusu ya nyota ile si sayari. Ni nyota nyingine, ya tatu.

Nilimkuta msimamizi wangu, Profesa Constantin, kwenye korido ya kitivo. Alikuwa karibu kustaafu, na sayari alikuwa ameshaitangaza redioni. Nilimpa simu yangu, akazikagua picha moja moja.

— Nani aliona hizi picha?

— Hapa Lubumbashi, mi na weye tu.

— Basi soma vile uliandika. Ingine tutatengeneza mu corrections.

— Professeur, ile planète haiko.

— Joséphine, jury iko ndani. Bantu banakungoja. Usiniletee honte, usinitie haya.

Mimi nina mdomo, mtaa wetu wa Hewa Bora wote unajua. Lakini huyu ndiye aliyenitoa kwenye ualimu wa sekondari akanipa kompyuta yake mwenyewe. Nikaitia simu mfukoni.

Mlangoni walisimama mama na mashangazi waliotoka Pweto, wote kitenge cha aina moja. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani kumpongeza, baada ya jury, jopo la watahini, kutoa matokeo. Wao hawakusubiri. Shangazi mmoja, Tantine Laurentine, ambaye redio ilikuwa imemtosha, alinimwagia kopo zima.

— Si sayari ilisha kuonekana? Tunangoja nini tena?

Niliingia nikiwa mweupe hadi kwenye kope, nikitamani kulia na kugombana na mtu kwa wakati mmoja.

Nilisoma utangulizi. Nilisoma mbinu za kazi, na Profesa, kwenye ncha ya meza, akawa ananitikisia kichwa kwamba niendelee hivyo hivyo. Nilipofika kwenye matokeo, niliacha kusoma. Nikazirusha zile picha ukutani kwa projekta.

— Nilichokiita sayari ni nyota, nikasema kwa Kifaransa. Nilikosea.

Madame Graciella, rais wa jury, alivua miwani akaniuliza nilijua lini. Leo asubuhi, nikajibu.

— Na nani mwingine alijua?

Nilimtazama Profesa. Nilimpa nafasi, kubwa tu. Yeye alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nilikuwa na hasira ya kumtaja pale pale, mbele ya Pweto yote. Kisha nikaikumbuka ile kompyuta aliyonipa, huruma ikanishinda, na huruma hiyo nayo ikanikasirisha.

— Hakuna, nikasema.

Madame Graciella alitangaza kwamba utetezi umeahirishwa na kazi itaandikwa upya. Hata hivyo, akasema, jury inampongeza mtahiniwa kwa kusema ukweli wote.

Profesa Constantin ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi.