Baada ya Mahindi Kuvunwa

Siku Mzee Osea alipoingiza ghalani gunia lake la mwisho la mahindi, kila mtu pale nyumbani alifurahi isipokuwa mkamwana wake, Enesi. Alisimama mlangoni mwa jikoni, tumbo limetangulia, mkono kiunoni, akaangalia shamba. Wiki iliyopita mahindi yalikuwa yamesimama pale, marefu kumpita mtu. Sasa yalibaki mabua yaliyolala chini na ng'ombe wa watu wanayatafuna. Ukisimama jikoni unaona mpaka kilima cha pili. Kuku akijikuna kule, unamwona.

"Sasa mimi nitakuwa naenda wapi?" alijiuliza.

Pale kijijini Mbebe mkamwana haingii choo anachoingia baba mkwe. Ni mambo ya heshima. Hakai anapokaa yeye, hataji jina lake, wakikutana njiani mmoja anaiacha njia na kugeukia migomba mpaka mwenzake apite. Enesi aliambiwa yote haya kabla ya ndoa akaitikia tu, maana msichana aliyependa huitikia chochote. Kwao ni mji mdogo wa Mpemba, kule Tunduma, barabarani kabisa. Choo cha kwao walitumia wapangaji wote, na madereva wa malori, na yeyote aliyebanwa akapiga hodi. Hakuwahi kudhani choo ni kitu cha kumkosesha mtu usingizi.

Zamani palikuwa na choo cha wanawake nyuma ya jiko, cha miti na udongo. Masika ikakimeza chote. Haukupita muda, kijiji kikatangaza kila kaya iwe na choo bora, na Mzee Osea si mtu wa kukubali kuchekwa. Alichoma tofali, akamwaga zege, akaezeka bati, akaweka mlango wa mbao na kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inia, ukikanyaga kijiti maji yanakumwagikia mikononi. Wakaguzi walipokuja walimpigia makofi wakabandika karatasi ya kijani mlangoni. Tangu hapo mgeni akifika huoneshwa choo kabla hajaoneshwa kiti.

Kaya moja, choo kimoja. Hakuna mkaguzi aliyeuliza mkamwana aende wapi, na Enesi akawa anajificha mahindini. Mzee naye hakuuliza, kwa sababu baba mkwe akianza kuwaza mkamwana wake anajisaidia wapi, hiyo peke yake ni aibu ya kutozwa kuku. Na majirani wote walikuwa wadogo zake Mzee, kwa hiyo wote ni baba wakwe, na vyoo vyao vyote vilikuwa kama ni kile kile.

Enesi alimpigia simu mumewe, Edson, ambaye yuko Tunduma anapakia na kushusha mizigo ya Wazambia.

"Mahindi wamevuna," alimwambia.

"Aah, safi! Yametoka magunia mengi?"

"Edson. Wamevuna yote. Hadi ya kule mpakani."

Lori likapiga honi nyuma yake. "Sawa, nimeelewa. Vumilia mama. Nikija nachimba mwenyewe, siku mbili tu nimemaliza."

"Unakuja lini?"

"Mizigo ikipungua."

Mizigo ya Tunduma haijawahi kupungua tangu mpaka uwekwe.

Alijaribu kwa mama mkwe. Teresia alikuwa anapepeta maharage, hakuinua hata kichwa. "Sisi wote tumepita huko, mwanangu. Mimi nimemzaa huyo Edson nikiwa naenda migombani."

"Migomba ilikuwa mingi, mama."

"Eeh, ilikuwa mingi," Teresia alisema, akaendelea kupepeta.

Basi Enesi akapata dawa yake mwenyewe. Aliacha kunywa maji. Aliamka kabla hapajapambazuka, akashuka na ukungu mpaka kwenye kijifereji mwisho wa shamba, penye matete machache, akachuchumaa huku meno yanagongana kwa baridi. Akisharudi, ni mpaka giza tena. Mchana kutwa hagusi kikombe. Ugali anakula matonge mawili, anasema kichefuchefu. Saa nane mchana kibofu kinawaka kama amekalia kaa la moto, naye anabana miguu, anamenya viazi, anatabasamu.

Zahanatini nesi alipima mkojo wake akatikisa kichwa. "Una maambukizi. Haya si mambo ya kuchezea na tumbo kubwa hivi, uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Meza dawa, na maji! Kunywa maji mengi, vikombe vinane kwa siku. Au huko kwenu hakuna maji?"

"Yapo," Enesi alisema.

"Sasa tatizo nini?"

Nyuma yake kwenye foleni walikaa wake wawili wa wadogo zake Mzee. Enesi akafunga khanga vizuri. "Hamna tatizo. Nitakunywa."

Hakunywa. Aliporudi alimeza vidonge kwa mate.

Jumanne iliyofuata ndipo akaja Violet. Alikuwa mdodosaji wa utafiti wa afya, binti wa mjini Vwawa, ana buti za mvua na kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni. Aliletwa na Eliakim, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mdogo wake Mzee wa kufuatana. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakunywa nini, wanakula nini, wanajisaidia wapi, wameugua nini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Njoo kwanza uone choo."

"Tutakifikia, mzee, kipo kwenye maswali."

"Kione kwanza!"

Eliakim akacheka. "Nenda ukakione, dada, la sivyo hatutakaa. Huyu kaka yangu akifa atazikwa pale mlangoni pa choo."

Enesi alikuwa jikoni, anawasikia wote. Jiko la pale ni la mbao, limeegemea baraza, na mbao zimeachana kiasi cha kupita kidole. Akasikia buti zikienda na kurudi. Akasikia Violet akisoma.

"Watu wote wa kaya hii wanatumia choo hiki?"

"Wote," alisema Mzee.

"Wote kabisa?"

"Binti, umekiona kile choo. Nani atakikataa? Andika wote."

Kishikwambi kikalia kidogo. "Asante. Sasa hapa kinachagua mwanamke mmoja wa kaya, nimuulize peke yake. Kimemchagua... Enesi."

Kikombe kikawekwa chini.

"Muulize mama yao," Mzee alisema. "Huyo ni mtoto."

"Sichagui mimi, mzee, kinachagua chenyewe. Na naomba msogee kidogo, tuwe wawili."

"Nisogee niende wapi? Hapa ni kwangu. Ingieni huko jikoni, mimi sina masikio ya huko."

Kwa hiyo Violet aliinama akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Upande wa pili wa mbao, urefu wa mkono tu, migongo miwili ya wazee ilikuwa imegeuzwa. Kwa heshima wasingeweza kumtazama. Lakini kusikia walikuwa wanasikia, na Mzee alikohoa ili ajulikane yupo.

"Majibu yako ni siri," Violet alisema kwa sauti ya chini.

Enesi alitazama zile mbao. Siri gani?

"Jana ulikunywa maji vikombe vingapi?"

"Vingi."

"Vingi vingapi, dada?"

Akakumbuka maneno ya zahanati. "Nane."

Violet akamwangalia midomo. Ilikuwa imepasuka, mmoja una damu iliyokauka. "Nane?"

"Ni baridi ya huku," Enesi alisema. "Inapasua."

"Mwezi huu umeumwa tumbo la chini? Mkojo kuuma, homa?"

Kikohozi upande wa pili. Enesi akatikisa kichwa. Kile kibofu ambacho hakijapata maji kikaanza tena kuwaka. Maswali yalikuwa yanamsogeza taratibu kwenye kona, na alijua yanakoelekea.

"Ukitaka kujisaidia, huwa unaenda wapi?"

Mkamwana kutamka neno hilo baba mkwe akisikia! Alilitoa kwa pumzi, hata mdomo haukufunguka vizuri. "Chooni."

Violet akabonyeza. Kisha akasoma kinachofuata kama alivyosoma mengine yote, kawaida tu: "Naomba unioneshe choo unachotumia wewe. Twende."

"Umeshakiona."

"Nimeoneshwa na mkuu wa kaya. Kila anayejibu anioneshe mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa, dada yangu, nisipofanya hivyo hakinifungulii mbele."

Enesi aliinuka kwa kujishika ukutani. Alitoka, khanga kaivuta usoni, akapita pembeni kabisa ya baraza. Wazee wakageukia upande mwingine. Teresia alisimama na ungo wake, mdomo wazi. Choo kile hapo, hatua chache, bati linang'aa, karatasi ya kijani mlangoni. Angekwenda tu. Angenyosha mkono, asukume ule mlango mara moja, Violet aseme asante, mambo yaishe.

Lakini huo ni mlango unaoshikwa na mkono wa Mzee kila asubuhi. Enesi alifika mahali njia inapogawanyika, mkono ukakataa, na miguu ikakataa. Akasimama. Nyuma Violet akasimama. Ng'ombe mmoja akainua kichwa kuwaangalia.

Ndipo miguu ikaanza kwenda yenyewe, njia iliyoizoea. Ikakipita choo. Ikashuka shambani, katikati ya mabua, pale pasipo na kitu cha kumficha hata sungura. Watu waliokuwa wanapukuchua mahindi kwa jirani wakaacha. Enesi hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye kijifereji, kwenye matete yale machache, akasimama akaangalia chini. Hakukuwa na haja ya maneno, mabaki ya asubuhi yalikuwa pale.

Violet akamshika Enesi kiwiko, wakapanda wote polepole.

Barazani Violet alisimama mbele ya Mzee Osea, ambaye bado alikuwa ameupa uwanja mgongo. "Mzee, samahani. Kinakataa kuendelea. Wewe umesema wote wanatumia choo, na mimi nimeona vingine. Kinataka nirudi kukuuliza wewe."

Eliakim alikohoa. "Dada, si uweke tu hivyo hivyo..."

"Nyamaza, Eliakim," alisema Mzee. Aliangalia mikono yake. Alikuwa ameona. Hata kwa mgongo, mtu huona kitu kinachopita katikati ya shamba lake. "Andika ulichokiona," akasema.

Violet alipoondoka Teresia aliingia jikoni kama upepo. "Umefanya nini? Umemvua baba yako nguo mbele ya wageni! Kaya yenye choo kizuri kuliko zote kijijini, leo imeandikwa inaenda porini!"

"Sikusema kitu, mama."

"Bora ungesema!"

Jioni hiyo Mzee hakugusa chakula. Enesi alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akasubiri. Alijua wanavyofanya. Wataitana wazee, watamtoza kuku, au watampigia baba yake Mpemba waseme njoo umchukue mtoto wako ukamfundishe. Nenda huku kuna aibu, nenda kule kuna aibu, na mtoto tumboni anapiga mateke kama naye anatafuta mlango. Kiu ilimkamata kooni. Mtungi ulikuwa hapo hapo karibu na goti lake. Hakuufunua.

Asubuhi alirudi kutoka kijiferejini, ukungu bado haujaondoka, akasikia jembe. Lilikuwa nyuma ya jiko, upande ule wa choo cha zamani lakini juu kidogo, penye ardhi ngumu. Akaingia jikoni, akachungulia kwenye mbao. Aliona mgongo. Mzee Osea alikuwa amevua koti, anachimba, amegeuza uso kwenye migomba ili asiangalie jikoni kwa bahati mbaya.

Eliakim alikuja akasimama pembeni, mikono mfukoni. "Kaka, unachimba nini saa hizi?"

"Shimo la takataka," alisema Mzee kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Takataka gani mpaka umelipima kwa kamba?"

"Zimezidi hapa nyumbani."

"Na hizo tofali ulizosogeza ni za takataka?"

"Eliakim, una jembe kwako au huna?"

"Ninalo."

"Basi lilete, au peleka mdomo wako kwa mkeo."

Teresia alikuwa mlangoni mwa jikoni, kajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Enesi hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipogeuka. Anacheka, na machozi yapo.

"Shimo la takataka," alinong'ona. "Miaka yote ile ya kuwa mkamwana hakuna aliyenichimbia mimi takataka zangu." Kisha akaacha kucheka, akaenda kuwapelekea wachimbaji viazi.

Enesi alibaki. Asingeweza kwenda kushukuru, asingeweza hata kupeleka maji. Jembe lilipiga jiwe, likasita, likapiga tena. Kufikia mchana wa siku hiyo shimo lilimfika Mzee magotini, kesho yake lingemfika kiunoni, na choo hakiwezi kuwa choo mpaka mtu azame kabisa asionekane, na juu yake bado zege, bado kuta. Mpaka hapo ni kijiferejini, ni matete, ni meno kugongana.

Alifunua mtungi. Akachota kikombe, akakishika kwa mikono miwili, jua likiwa bado juu kabisa. Alisikiliza jembe.

Akanywa nusu.