Picha za Saa ya Mkunga

Jumamosi saa nne asubuhi, saa ya ukutani ya mkunga mstaafu ilikuwa mezani kwangu, vipande arobaini na saba, na mwenyewe alikuwa anakuja kuichukua saa kumi jioni. Sikuwa na wasiwasi. Vipande vilishaoshwa na kupangwa juu ya kitambaa cheupe vikauke, na ramani ya kuvirudisha mahali pake ilikuwa kwenye simu yangu.

Mimi ni fundi saa. Macho bado yananitii, ila kumbukumbu imeanza kunichezea, kwa hiyo kila skrubu ninayofungua naipiga picha kabla sijaitoa, na kila gurudumu kabla sijaligusa. Saa ya mkunga peke yake ilikuwa na picha sitini na tatu. Nikifika wakati wa kuiunga, narudi kinyumenyume: picha ya mwisho ndiyo ya kwanza kufuatwa. Mke wangu, ambaye hukaa kaunta, husema nimepiga picha nyingi za matumbo ya saa kuliko za watoto wetu pacha. Ni kweli, na nimeshatubu, ila sijaacha.

Saa ile ilining'inia miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kujifungulia. Kila mtoto alipotoka, mkunga aliinua macho, akaitazama, akaandika dakika. Alipostaafu, wenzake wakampa aondoke nayo. Sasa mjukuu wake amehitimu ukunga na Jumatatu anaanza kazi mji mwingine. Basi lake lilikuwa Jumapili alfajiri, na bibi alitaka kumkabidhi saa jioni ile ile ya Jumamosi, ikiwa inatembea.

"Ikiwa imesimama sitampa," aliniambia alipoileta. "Huwezi kumtuma mtu akapokee watoto na saa iliyokufa."

Basi vipande vikawa vinakauka, nami nikaona nisikae bure, nifanye kazi ya darasani. Mwaka huu nimejiandikisha masomo ya kompyuta ya jioni. Tunasomea kwenye darasa la watoto wadogo, tunakaa kwenye viti vyao, magoti yamekaribia masikio. Wenzangu wananiita Mzee Dakika kwa sababu nafika kabla mlango haujafunguliwa. Mwalimu wetu ni binti wa umri wa pacha wangu, na uvumilivu wake naushukuru kila siku katika sala zangu.

Kazi ilikuwa kuandika barua yenye jedwali. Nikafungua laptopu ya zamani waliyoniachia wanangu, nikaandika kwa vidole viwili mpaka mwisho, nikabonyeza ili ihifadhiwe. Kompyuta ikanijibu kwamba nafasi imekwisha.

Nikachukua daftari langu. Jumatano nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: "Picha ndizo zinazokula nafasi. Nakala zake zipo kwenye simu na kwenye wingu. Ukizifuta kwenye kompyuta, nafasi inapatikana." Wingu, kama mwalimu alivyotueleza, si lile la mvua. Ni kompyuta za watu walio mbali, zinazotutunzia vitu vyetu kupitia mtandao. Chini ya mistari hiyo ukurasa ulikuwa mtupu, maana jioni ile niliaga dakika kumi kabla ya mwisho ili niwahi ibada.

Nikafungua folda ya picha. Zilikuwa elfu nne na mia mbili. Nikazichagua zote, nikafuta. Zikahamia kwenye pipa la taka la kompyuta, lakini nafasi haikuongezeka hata chembe. Nikaelewa: taka ikiwa bado ndani ya nyumba, nyumba haijasafishwa. Karakana yangu sijawahi kuifunga pipa likiwa na kitu. Nikapeleka mshale kwenye maneno "Mwaga pipa".

Hapo nikasimama, kwa sababu nina desturi ya kusali kabla ya jambo lolote lisiloweza kurudishwa nyuma. Sisali mafupi. Naanza na shukrani, napitia ndugu, majirani, wagonjwa, walio safarini, ndipo nafika kwenye haja yenyewe. Nikafumba macho.

Mke wangu alikuwa ameichukua simu yangu. Alitaka aone kwenye picha kama ufunguo wa kukazia saa ulikuja nayo, asije mkunga akaudai.

"Baba Pacha," akaita.

Nikaendelea kusali.

"Baba Pacha, ukifika kwa wagonjwa simama kidogo, nina neno."

Nikainua mkono kumwomba asubiri. Nilikuwa kwa shangazi, na shangazi anaumwa magoti yote mawili.

"Shangazi atapona," akasema. "Hii simu yako haina picha hata moja."

Sijawahi kuifikia Amina kwa haraka kiasi kile.

Nikaitwaa simu. Palipokuwa na picha palikuwa peupe. Nikavitazama vile vipande arobaini na saba kwenye kitambaa, magurudumu saba, matatu kati yake yakifanana kama dada wa tumbo moja. Ningeweza kukisia. Lakini saa iliyoungwa kwa kukisia inatembea siku mbili, kisha inamdanganya mkunga.

Nikampigia mwalimu.

"Shikamoo, Mzee Dakika. Niko kwenye kufua, ila nakusikia."

"Marahaba, mwalimu. Nimefuta picha kwenye kompyuta, na kwenye simu zimeondoka."

"Umefuta kwenye folda yenye alama ya wingu?"

"Hiyo hiyo."

Nikasikia maji yakimwagwa. "Mzee wangu, hiyo folda, simu na wingu vimeunganishwa. Ni kitu kimoja kinachoonekana mahali patatu. Ukifuta mahali pamoja, umefuta kote. Nililisema Jumatano, dakika za mwisho."

"Za mwisho sikuwepo."

"Najua, nilikuona ukinyata. Pipa umelimwaga?"

"Nilikuwa nasali kwanza."

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Basi usiache kusali. Lifungue pipa, chagua zote, bonyeza 'Rudisha'. Halafu toa mikono."

Nikafanya hivyo. Laptopu ile ni nzito kwa kazi, ikaanza kurudisha picha mojamoja, ikivuma kama feni mbovu. Lakini ilianza na za karibuni, na za karibuni ndizo nilizozihitaji. Ilipofika saa sita na nusu, picha sitini na tatu za saa ya mkunga zilikuwa kwenye kioo. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, kwa hiyo mke wangu akavuta kigoda, akawa mbonyezaji.

"Inayofuata," nikasema.

"Hii nayo imejaa kidole chako."

"Inayofuata."

"Gurudumu hilo geuza. Kwenye picha tundu liko juu."

Nikaligeuza. Alikuwa sahihi, na hajalisahau mpaka leo.

Saa tisa kasoro robo nikafunga skrubu ya mwisho, nikatia ufunguo, nikasogeza uzani unaobembea. Tik, tak. Mke wangu akashusha pumzi niliyokuwa nadhani ni yangu.

Mwalimu alikuwa amenipa pia njia ya kupata nafasi, na safari hii niliandika yote: kwanza hakikisha picha zimerudi kwenye wingu na kwenye simu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya hifadhi ya wingu, utafute orodha ya folda zinazokaa kwenye kompyuta, uondoe tiki kwenye folda ya picha. Si kufuta. Ni kuiambia kompyuta isizibebe tena, wingu lizibebe. Simu ilipokuwa imejaa picha tena, nikampa mke wangu aishike kama mlinzi. Nikasali. Safari hii niliwataja wagonjwa kwa jumla. Nikaondoa tiki.

"Zipo?"

"Zipo."

"Angalia vizuri, Mama Pacha."

"Naziona zote. Hata ile ya harusi ya dada yako, ambapo ulipiga saa ya mchungaji badala ya bwana harusi."

Nafasi ikafunguka, barua yangu ikahifadhiwa na jedwali lake.

Saa kumi kamili mkunga akaingia, miwani puani, mkoba kwapani. Alisikiliza saa kwanza kwa kuinamisha kichwa, kisha akauchukua mkono wa mke wangu, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akakaza macho kwenye mshale wa sekunde. Mshale ukazunguka mzunguko mzima.

"Saa iko sawa," akasema, akiuachia mkono. "Wewe ndiye unayekwenda mbio, mwanangu. Mapigo mia na nne. Umefanya nini leo?"

"Nilikuwa nambonyezea huyu picha," mke wangu akajibu.