Kugawa kwa Nane

Mume wangu alikufa akiwa zamu, kwenye kituo cha pampu za maji kule mlimani, na tangu siku hiyo sikuwa nimelia. Watu walinong'ona kwamba nina roho ngumu. Wangejua! Hakukuwa na roho ngumu wala laini. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, nakula nikipewa, nalala nikiambiwa nilale. Kazini nilirudi mapema kwa sababu kule hakuna aliyeniuliza najisikiaje.

Ofisi yetu huwafungia watu intaneti ya faiba, ile ya kasi. Kituo cha pampu ndicho kilichokuwa cha mwisho kati ya wateja wetu kutumia modemu ya zamani, ile inayopitia waya wa simu na kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Faiba ilishafika jengo jipya, na siku ya kulikatia umeme jengo la zamani ilikuwa imefika. Mle kulikuwa na kompyuta mkweche isiyo na spika wala hata tundu la flashi. Humo marehemu alikuwa amejirekodi akimwelekeza mtu wa kumpokea zamu. Hatukuwa na sauti yake nyingine. Hakuwa mtu wa kutuma sauti kwa simu. Ulimwandikia maneno chungu nzima, akakujibu "sawa".

Mama mkwe alisikia habari hiyo, akaja ofisini asubuhi hiyo, akaketi na mkoba wake mapajani.

"Nataka kumsikia mwanangu," alisema. "Hata mara moja."

Fundi umeme alinipigia kutoka kituoni.

"Shemeji, nimebakiza hiyo kompyuta tu. Nikiizima sidhani kama itawaka tena. Diski imezunguka miaka yote bila kupumzika, ikisimama ndiyo basi. Nikupe muda gani?"

Nilipiga hesabu kichwani. Faili hupimwa kwa baiti, spidi ya laini hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Unachukua spidi, unagawa kwa nane, unajua zinapita baiti ngapi kila sekunde. Ndivyo ninavyofanya kila siku kwenye faiba. Laini ile ilikuwa ya biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde, na faili ya sauti yake, niliyotaka kuivuta kwa modemu ile, ilikuwa ya baiti milioni nne. Nikapata dakika hamsini na tano na ushee.

"Saa moja inatosha," nilimwambia. "Na chenji inabaki."

"Una uhakika? Mimi sina haraka."

"Nimeshapiga hesabu."

Mama mkwe alilitazama kabati letu la mitambo.

"Taa zote hizi, na kitu kimoja kinachukua saa nzima?"

"Tatizo liko kule, mama. Kwa faiba kingefika hujapepesa jicho. Modemu ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko."

"Basi tungoje kijiko."

Nikaanza kuivuta faili, tukangoja. Aliniuliza kama nakula, nikasema nakula. Saa ilipotimia, mstari wa kijani unaoonyesha faili imefika wapi kwenye kioo cha kompyuta ulikuwa bado haujafika mwisho, tena haukuwa karibu. Ndipo nilipokumbuka. Kwenye modemu za zamani kila baiti husindikizwa na biti mbili za ziada, moja ya kutangaza mwanzo na moja ya kutangaza mwisho. Hugawi kwa nane, unagawa kwa kumi. Aliyenifundisha hilo ni marehemu mwenyewe, tena kwa kunicheka. Hesabu yangu ilikuwa imepungukiwa karibu robo saa.

Nilimpigia fundi.

"Shemeji, usizime!"

"Nimeshazima. Ulisema saa moja. Ngoja niiwashe."

Nilimsikia akibonyeza, akabonyeza tena.

"Inalia tu, shemeji. Haizunguki."

Sikusikia uchungu. Nilijua tu kwamba nilipaswa kuusikia.

Nikafungua kile kilichofika. Sauti yake ikajaa ofisini, nzito, yenye kikohozi. Alisema valvu ya pili ina kiburi, izungushwe polepole. Alisema funguo ziko juu ya fremu ya mlango, na panya wasizoeshwe mikate. Mama mkwe akacheka huku ameziba mdomo.

"Ana mafua," alisema.

Aliendelea kueleza pampu moja baada ya nyingine, mpaka simu ikalia pembeni yake. "Ngoja kidogo, mke wangu huyo," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Eeh, nambie."

Ikakatika.

Mama mkwe aliinamia spika.

"Mbona amenyamaza?"

"Imeishia hapo, mama."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Sikukumbuka. Nilimpigia karibu kila siku: gesi imeisha, bomba linavuja, upuuzi mtupu. Nilipekua kichwa changu chote, sikuona kitu. Mama alikuwa amenikazia macho, vidole vyake vimebana mkoba.

"Nilimuuliza atarudi saa ngapi."

"Akasemaje?"

"Akasema yuko njiani, mama."